Maneno Machache, Maana Nyingi: Historia ya Ufundishaji wa Msamiati wa Juu na Vitenzi Virai vya Kiingereza katika Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya ujifunzaji wa msamiati wa juu wa Kiingereza katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, kwa kuzingatia mazingira ya kata kama Ikolo wilayani Kyela. Mkazo umewekwa kwenye vitenzi virai, yaani vitenzi vya Kiingereza vinavyoandamana na kielezi au kihusishi kifupi na kuzaa maana isiyotabirika kutokana na sehemu zake. Hoja kuu ni kwamba ugumu wa vitenzi hivyo kwa mwanafunzi wa eneo hili haukutokana na udhaifu wa mwanafunzi. Ulitokana na desturi ya kihistoria ya kupima mzigo wa lugha kwa idadi ya maneno badala ya idadi ya maana, na ya kupanga ngazi za Kiingereza kwa kipimo cha mtoto wa Kiingereza. Makala yanahitimisha kwamba Kiswahili na Kinyakyusa vina rasilimali za kisarufi ambazo zingeweza kuurahisisha ujifunzaji huo, lakini historia ya sera ya lugha iliziacha nje ya mlango wa darasa.

1.0 Utangulizi

Kauli "account for" imezoeleka katika maswali ya historia ya mitihani ya sekondari Afrika Mashariki. Mtahiniwa anayeulizwa swali la namna hiyo kuhusu kuporomoka kwa dola fulani hatakiwi kuhesabu chochote. Anatakiwa kueleza sababu. Neno "account" hulijua, kwa kuwa limekwisha kuingia katika Kiswahili likiwa akaunti ya benki. Neno "for" alilikuta mapema alipoanza kujifunza Kiingereza. Hata hivyo, maana ya kauli nzima haimo katika neno la kwanza wala la pili. Anayeikosa maana hiyo hupoteza alama za historia, si za Kiingereza, na cheti chake husema kwamba hajui historia.

Hapo ndipo penye uzito wa suala linalojadiliwa. Ikolo ni mojawapo ya kata za Wilaya ya Kyela, katika uwanda wa mpunga na kakao unaoshuka kutoka milima ya Rungwe hadi ziwani. Kwa kawaida mtoto wa uwanda huu huanza maisha kwa Kinyakyusa, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha hutakiwa kusoma sekondari kwa Kiingereza. Magharibi, ng'ambo ya Mto Songwe, iko Malawi, ambako wasemaji wa Kingonde, lugha iliyo ndugu wa karibu sana wa Kinyakyusa, wamepitia historia nyingine ya Kiingereza. Kwa hiyo mwambao huu ni mahali panapofaa kuuliza ni Kiingereza kipi kilichofundishwa, kwa kipimo cha nani, na kwa gharama gani.

Ugumu wa vitenzi virai si ugunduzi wa shule za Afrika. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, alikwisha kubainisha kwamba miungano ya vitenzi na vielezi vifupi ndiyo inayowatatiza mno wageni wanaojifunza Kiingereza. Jina la Kiingereza la aina hii ya vitenzi lilienezwa na Logan Pearsall Smith mwaka 1925. Kwa hiyo tatizo lilijulikana kabla ya shule ya kwanza ya misheni kufunguliwa kando ya Ziwa Nyasa. Kinachohitaji maelezo ni sababu iliyofanya maarifa hayo yasiathiri vya kutosha namna mzigo wa mwanafunzi ulivyopimwa.

2.0 Pande Mbili za Songwe, 1891–1925

Wamisionari wa Kijerumani waliingia katika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891. Wamoravian walianzia Rungwe, na katika mwaka huohuo msafara wa Misheni ya Berlin, ukiongozwa na Alexander Merensky, ulifika katika eneo la ziwa. Misheni zote mbili ziliipa lugha ya wenyeji nafasi ya kwanza katika mahubiri na mafundisho. Mwaka 1899 C. Schumann alichapisha muhtasari wa sarufi ya lugha hiyo, wakati huo ikiitwa lugha ya Konde. Serikali ya kikoloni ya Kijerumani, kwa upande wake, ilikipendelea Kiswahili katika utawala na shule zake. Katika mpangilio huo Kiingereza hakikuwa na nafasi rasmi kaskazini mwa Songwe.

Kusini mwa Songwe hali ilikuwa tofauti. Misheni ya Livingstonia ya Waskoti, iliyoanza mwaka 1875 kwenye ncha ya kusini ya ziwa, ilifungua Taasisi ya Overtoun huko Khondowe mwaka 1894 chini ya Robert Laws. Taasisi hiyo ilifundisha ualimu, uchapaji, useremala na kazi za ofisini, na Kiingereza kilikuwa lugha ya elimu yake ya juu. Wahitimu wake walisambaa kama walimu na makarani katika nchi nyingi za kati na kusini mwa Afrika. Hivyo, kwa watu wa lugha moja waliogawanywa na mto, Kiingereza kilikuwa upande mmoja njia ya ajira na upande wa pili lugha ya jirani.

Vita Kuu ya Kwanza ilivunja mpaka huo wa lugha. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yaliingia katika wilaya ya Neu-Langenburg, ambayo makao yake ndiyo Tukuyu ya leo. Baada ya wamisionari wa Kijerumani kuondolewa, Waskoti wa Livingstonia walizitunza kwa muda kazi za misheni zilizoachwa, hadi Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Kwa mara ya kwanza shule za kaskazini mwa Songwe ziliguswa moja kwa moja na mapokeo ya elimu ambayo Kiingereza kilikuwa kilele chake.

Tofauti kati ya mapokeo hayo mawili isionekane kuwa ya majina ya lugha tu. Anayejifunza lugha kwa kufanya kazi pamoja na wanaoizungumza, katika kiwanda cha uchapaji au cha seremala, hukutana kwanza na vitenzi vya mwendo na vya mikono: kuweka chini, kuchukua juu, kuzima, kuwasha, kumaliza. Katika Kiingereza, shughuli hizo hutajwa kwa kawaida kwa vitenzi virai. Anayejifunza lugha hiyohiyo kutoka ubaoni na kitabuni hukutana na msamiati mwingine. Mwambao wa kaskazini ulikuja kukipokea Kiingereza zaidi kwa njia hii ya pili.

3.0 Enzi ya Kuhesabu Maneno, 1925–1961

Mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1925 uliimarisha nafasi ya Kiswahili katika elimu ya Tanganyika. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ikaendeleza usanifishaji wake kwa msingi wa Kiunguja. Kiswahili kikawa lugha ya shule za chini, na Kiingereza kikaingia baadaye kama somo, kisha kama lugha ya kufundishia katika madaraja ya juu. Kwa kuwa wachache tu walifika madaraja hayo, Kiingereza kikawa mlango mwembamba. Swali la walimu na waandishi wa vitabu likawa: mtu avushwe vipi katika mlango huo kwa muda mfupi?

Jibu la zama hizo lilikuwa kuhesabu. Mwaka 1921 Edward Thorndike alichapisha nchini Marekani orodha ya maneno 10,000 yaliyopangwa kwa wingi wa matumizi katika maandishi. Mwaka 1930 C. K. Ogden alitangaza Kiingereza chake cha msingi chenye maneno 850, ambamo vitenzi vilikuwa 18 tu. Mkutano wa wataalamu uliofanyika New York mwaka 1934 kwa ufadhili wa Carnegie, uliowahusisha Michael West, Harold Palmer na Lawrence Faucett, ulizaa taarifa ya uteuzi wa msamiati ya mwaka 1936. Orodha ya jumla ya West, yenye vidahizo takribani 2,000, ilifuata mwaka 1953. Vitabu vya kufundishia Kiingereza katika makoloni vilitungwa katika hewa hiyo ya kifikra.

Mfumo wa Ogden ndio unaoonyesha udhaifu wa njia hiyo kwa uwazi zaidi. Vitenzi 18 vinawezaje kutosheleza mahitaji ya mzungumzaji? Vinatosheleza kwa kuunganishwa na maneno mafupi ya mahali na mwelekeo. Mtu hahitaji kitenzi kinachomaanisha ahirisha, kwa kuwa anaweza kusema "put off". Wala kinachomaanisha vumilia, kwa kuwa anaweza kusema "put up with". Wala kinachomaanisha kata tamaa, kwa kuwa anaweza kusema "give up". Kwa mhesabu wa maneno hakuna kilichoongezeka. Kwa mwanafunzi kila muungano ni msamiati mpya, tena msamiati unaojificha nyuma ya sura anazodhani anazifahamu. West na wenzake waliutoa mfumo huo kasoro katika uhakiki wao wa mwaka 1934, na katika orodha ya 1953 West alijitahidi kuonyesha wingi wa matumizi ya kila maana. Hata hivyo, kilichosafiri kwa urahisi kutoka kwa wataalamu hadi kwenye kurasa za vitabu ni idadi ya maneno, si uzito wa maana.

Kosa la pili lilihusu ngazi. Orodha hizo zilihesabu maandishi ya watu ambao Kiingereza kilikuwa lugha yao ya kwanza. Kwa mtoto wa London, "put off" ni neno la nyumbani na "postpone" ni neno la shule. Kwa hiyo la kwanza likaitwa rahisi na la pili la juu. Kwa mwanafunzi anayetafsiri kutoka Kiswahili, ngazi inapinduka. Neno "postpone" linakabiliana na kitenzi kimoja, ahirisha. "Tolerate" linakabiliana na vumilia au stahimili. "Investigate" linakabiliana na chunguza. Yakishakaririwa mara moja, maneno haya hukaa mahali pake. Vitenzi virai vyenye maana hizohizo havina mshiko wa namna hiyo. Kilichoitwa cha chini ndicho kilichokuwa cha juu, na mwanafunzi aliyeshindwa nacho alihesabiwa kuwa ameshindwa na jambo rahisi.

4.0 Kamusi na Mipaka Yake

Wanafunzi waliofika madaraja ya juu walikuwa na msaada wa kamusi. A. C. Madan alikwisha kuchapisha kamusi ya Kiingereza–Kiswahili mwaka 1894, na kamusi sanifu zilizohaririwa chini ya Frederick Johnson zilitoka mwaka 1939. Hizi zilikuwa kazi kubwa ambazo taaluma ya Kiswahili haiwezi kuzisahau. Lakini muundo wa kamusi ya lugha mbili una mantiki yake: hufunguliwa kwa neno moja. Msomaji anayekutana na kitenzi kirai lazima kwanza ajue kwamba anachokiona ni kitu kimoja, ndipo akitafute ndani ya kitomeo cha kitenzi mama. Asipojua hilo, atatafuta neno la kwanza, atapata maana yake ya kawaida, na atafunga kamusi akiwa ameridhika na kosa.

Hatua muhimu ilitoka Japani, si Afrika. A. S. Hornby na wenzake walitunga huko kamusi ya wanafunzi iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942, na mwaka 1948 ikatolewa upya na Chuo Kikuu cha Oxford. Kamusi hiyo ilikizingatia kitenzi pamoja na mazingira yake ya kisarufi. Ilimfaa hasa mwanafunzi ambaye tayari aliweza kusoma maelezo ya Kiingereza kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili, kamusi ya Kiingereza–Kiswahili ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya mwaka 1996 ilimpa msomaji wa Tanzania chombo kipya kilichotungwa nyumbani. Kati ya tarehe hizo mbili zimepita miaka 48, na katika miaka hiyo mfumo mzima wa elimu ulibadilika.

5.0 Kutoka Uhuru hadi Shule za Kata

Mwaka 1967, sambamba na Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika elimu yote ya msingi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaharakisha elimu ya msingi kwa wote. Kwa mtoto wa mwambao huu faida ilikuwa kubwa: kusoma, kuandika na kuhesabu vilipatikana kwa lugha ya taifa. Sekondari, hata hivyo, ilibaki katika Kiingereza, na mitihani pia. Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Taifa likaanzishwa kwa sheria mwaka 1973. Umiliki wa mtihani ulirudi nyumbani, lakini lugha ya maswali ya sekondari haikubadilika.

Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka 1982, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika sekondari kuanzia mwaka 1985. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walitoa taarifa iliyoonyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi hakikutosha kusomea masomo mengine, lakini wakashauri Kiingereza kiendelee na kiimarishwe. Matokeo yake yalikuwa mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia mwaka 1987, ukitilia mkazo usomaji wa vitabu vilivyopangwa kwa ngazi za msamiati. Dawa ya miaka ya 1930 ilirudi ikiwa na lebo mpya. Usomaji mwingi ni jambo jema, na katika simulizi mwanafunzi hukutana na vitenzi virai mara nyingi zaidi kuliko katika kitabu cha jiografia. Lakini kitabu kinachoahidi maneno machache hakiahidi maana chache.

Wataalamu waliueleza mgogoro huu kwa kina. Casmir Rubagumya alihariri mkusanyiko wa tafiti mwaka 1990, na Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro wakachapisha kitabu chao kuhusu mgogoro wa lugha mwaka 1997. Baada ya hapo, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004 ulisambaza shule za kata nchini kote. Mlango uliokuwa mwembamba ukapanuliwa bila kubadilishwa kizingiti chake. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifungua nafasi kwa Kiswahili katika ngazi zote, huku ikihimiza matumizi ya Kiingereza yaendelee. Kwa mtahiniwa, kauli "account for" ilibaki palepale.

6.0 Rasilimali Iliyoachwa Nyumbani

Je, mwanafunzi wa Ikolo huingia darasani mikono mitupu? Uchambuzi wa kiisimu unaonyesha kinyume. Kwanza, Kiswahili chenyewe kina vitenzi vichache vinavyobeba maana nyingi kwa kuungana na maneno mengine. Kitenzi piga hakihusu kipigo katika piga simu, piga kura, piga pasi na piga marufuku. Hakuna kinachokatwa kwa kisu katika kata tamaa, kata rufaa na kata shauri, wala kinacholiwa katika kula kiapo na kula njama. Mzungumzaji wa Kiswahili anajua, bila kufundishwa, kwamba maana ya muungano inaweza kuipita jumla ya sehemu zake. Tofauti ni kwamba katika Kiswahili mara nyingi nomino ndiyo inayobeba maana, ilhali katika kitenzi kirai cha Kiingereza ni neno fupi la mahali au mwelekeo linaloielekeza upya.

Pili, Kiswahili huibadili maana ya kitenzi kwa viambishi vya mnyambuliko. Funga huzaa fungua, na ziba huzaa zibua. Enda limezaa endelea, ambamo mwendo wa miguu umekuwa mwendo wa wakati. Mabadiliko ya enda kuwa endelea yanafanana kimaana na yale ya "go" kuwa "go on". Mwalimu anayeziweka jozi hizi bega kwa bega anaonyesha kwamba lugha zote mbili huchukua mwendo wa mahali na kuufanya kipimo cha muda, ila moja huweka alama ndani ya kitenzi na nyingine huiweka nje.

Tatu, na hili ndilo linalouhusu mwambao huu moja kwa moja, Kinyakyusa kina viangami vya mahali, po, ko na mo, vinavyobandikwa mwishoni mwa kitenzi. Uchambuzi wa Bastian Persohn wa mwaka 2017 umeonyesha kwamba viangami hivi havibaki katika maana ya mahali peke yake, bali vina matumizi yanayoivuka. Huu ni mfanano wa kuzingatiwa sana. Kipashio kifupi, chenye asili ya mahali, kinakaa baada ya kitenzi na kupata maana isiyo ya mahali: maelezo hayo yanafaa kiangami cha Kinyakyusa, na yanafaa pia neno fupi la kitenzi kirai. Mifumo hiyo si sawa. Kiangami hufungamana na kitenzi, ilhali neno fupi la Kiingereza linaweza kutengwa nacho na yambwa. Hata hivyo, kanuni inayoonekana ya ajabu katika Kiingereza si ngeni katika lugha ambayo mtoto hubembelezewa usingizi.

Historia inaeleza kwa nini mfanano huu haukutumika. Wamisionari walioichunguza sarufi ya Kinyakyusa hawakukusudia kufundisha Kiingereza. Maofisa waliofundisha Kiingereza hawakuwa na haja na sarufi ya Kinyakyusa. Baada ya uhuru, ujenzi wa taifa ulikipa Kiswahili nafasi yake ya haki, na lugha za jamii zikabaki nyumbani na kanisani. Kila uamuzi ulikuwa na sababu zake. Jumla yake ni kwamba maarifa ya kisarufi yaliyokuwapo tangu mwaka 1899 na maarifa kuhusu ugumu wa vitenzi virai yaliyokuwapo tangu mwaka 1755 hayakupata kukutana katika chumba kimoja cha darasa.

7.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha kwamba neno "juu" katika msamiati wa juu si sifa ya maneno yenyewe. Ni kipimo kilichowekwa mahali fulani, kwa ajili ya watu fulani, na kilipohamishiwa kando ya Ziwa Nyasa kiliyaita magumu mepesi. Mambo matatu yanafuata. Mtaala unapaswa kuhesabu maana, na kukitambua kila kitenzi kirai kuwa kidahizo kinachojitegemea. Kauli za maelekezo ya mitihani zinapaswa kufundishwa waziwazi, pamoja na fasiri zake za Kiswahili, kabla mwanafunzi hajapimwa kwazo katika masomo mengine. Na utafiti linganishi wa Kiingereza, Kiswahili na lugha kama Kinyakyusa unapaswa kutoka katika majarida na kufika katika vyuo vya ualimu.

Mjadala wa lugha ya kufundishia utaendelea, na makala haya hayakukusudia kuufunga. Lakini lolote litakaloamuliwa, Kiingereza kitaendelea kuwa somo, na swali la namna ya kukifundisha litabaki. Mtoto wa Ikolo anayelijua neno "account" na neno "for" bila kujua maana ya muungano wake ana haki ya kuambiwa kwamba mzigo wake ni mkubwa kuliko unavyohesabiwa, na kwamba sehemu ya ufunguo wake imo katika lugha aliyokwisha kuijua kabla ya kwenda shule.